Je, Wajua? Macho ya Njano na Upasuaji wa Kongosho

Je, wajua kuwa katika saratani za eneo la kongosho, inayogeuza macho njano mapema mara nyingi ndiyo afadhali? Mrija wa nyongo hupita kichwani mwa kongosho, ukamwaga utumboni kupitia kitundu kidogo. Uvimbe ukiota hapo, hata mdogo, mrija huziba: macho huwa njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo hupauka, ngozi huwasha. Katika eneo la Kwapa, wilayani Tororo, Uganda, ni rahisi kudhani ni malaria au homa ya ini. Uvimbe wa mkiani mwa kongosho hauzibi mrija huo. Hukua kimya hadi usambae.

Ndiyo maana wanaopasuliwa saratani ya kitundu hicho, karibu nusu hufikisha miaka 5. Ya kongosho lenyewe ni kama mmoja kati ya 5, na hao ndio waliowahi: wengi hugunduliwa wakati wa kupasuliwa umeshapita.

Allen Whipple wa New York alitangaza upasuaji huu wa kuondoa kichwa cha kongosho mwaka 1935, akiufanya kwa awamu mbili. Sababu ni kwamba mgonjwa wa manjano alivuja damu ovyo: nyongo isipofika utumboni, mwili haufyonzi vitamini K, na bila hiyo damu haigandi. Vitamini hiyo ilipopatikana, mwaka 1940 Whipple alimaliza kazi yote kwa mkupuo mmoja.

Kinachotisha zaidi ni kuunga upya kongosho lililobaki na utumbo. Maji ya kongosho humeng'enya nyama, hivyo kiungo kikivuja ni hatari. Na ajabu ni hii: mwenye saratani ya kitundu, mwenye matumaini zaidi, mara nyingi kongosho lake ni laini, halishiki uzi vizuri.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba hospitali zilizofanya upasuaji wa kongosho mara chache sana zilipoteza wagonjwa kama 16 kati ya 100. Zilizoufanya sana, wasiofika 4. Kutoka Kwapa, hospitali kubwa za rufaa ni Mulago, Kampala, au ile ya Moi, Eldoret, iliyo karibu zaidi ingawa ni ng'ambo ya mpaka wa Malaba. Popote uendapo, uliza: hapa mnafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka? Swali hilo lingembana hata Whipple, aliyeufanya mara 37 tu maishani mwake.