Afya ya Mtoto Mchanga (4): Sista Ward na Jua la Uani

Juma lililopita tuliishia kwenye kitovu. Leo ilikuwa zamu ya maziwa ya mwanzo, lakini picha za wazazi wawili wawili kitanda kimoja zimerudi magazetini, na wapo wanaosema dawa ni kuwaruhusu mapema.

Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto wasio na tatizo wabaki kituoni angalau saa 24. Marekani, kampuni za bima zilipowaharakisha wazazi kwenda nyumbani, Rais Bill Clinton alitia saini mwaka 1996 sheria inayozikataza kulipia pungufu ya saa 48, au 96 kwa aliyepasuliwa. Sababu mojawapo ni umanjano, si ile homa ya manjano ya mbu. Bilirubini, ile rangi ya manjano ya damuni, hufika kileleni siku ya tatu hadi ya tano, na ikizidi huharibu ubongo na masikio. Siku hizo mtoto aliyeruhusiwa mapema yuko chumbani, pazia limeshushwa.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Sista Jean Ward. Mwaka 1956 alisimamia wodi ya watoto njiti katika hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza. Aliamini mno jua na hewa safi, na kukipambazuka vizuri aliwatoa watoto uani. Siku moja madaktari wakipita wodini, akawafunulia mtoto aliyekwajuka mwili mzima, isipokuwa pembetatu moja ya manjano yaliyokolea. Daktari akauliza, umempaka iodini? Hakupaka kitu, pembe ya shuka ilimfunika pale asipigwe na jua. Baadaye chupa ya damu ya mtoto mwingine ilisahaulika dirishani juani, na ilipopimwa bilirubini ilikuwa imeshuka ajabu. Dk. Richard Cremer na wenzake wakaunda kitanda cha taa za buluu, wakatangaza matokeo mwaka 1958 katika jarida la The Lancet. Taa zote za wodi zetu zimetokana na muuguzi aliyemtazama mtoto uchi, mchana kweupe.

Wazee wa pwani walilijua hilo la kutazama. Arobaini ya mzazi ilikuwa na mkunga anayekuja kumkanda mama na kumwogesha mtoto, akimgeuza huku na huku. Leo tumeacha mkunga, na hospitali haina nafasi. Mjukuu wangu aliruhusiwa baada ya saa kumi, bila kuambiwa siku ya kurudi. Siku ya tatu bibi yake alimsogeza mlangoni, akamvuta kope: jicho kama lililopakwa bizari, na mtoto hataki ziwa. Alilala chini ya taa siku mbili, akapona.

Jua la mlangoni ni la kuonea, si la kutibia. Ngozi zetu huficha rangi, hivyo tazameni macho, fizi na viganja. Na kama vitanda havitoshi, kadi ya kuruhusiwa iandikwe tarehe ya kurudi, kati ya saa 48 na 72, na mhudumu awepo kumpokea mtoto. Maziwa ya mwanzo, juma lijalo.