Jioni Ndiyo Huwasha Injini

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Januari, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Nje ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Viwele vimejaa, samadi ya usiku kucha imerundikana kwenye njia ya banda, na marobota ya nyasi yamezikwa na theluji uani. Mfugaji anaingia amevaa makoti mawili. Anachomoa waya wa umeme uliolala usiku kucha umechomekwa kwenye injini ya mashine fupi, nene, isiyozidi kimo cha mtu kwa mbali. Anapanda, anashusha chuma cha usalama mbele ya kifua, anafunga mkanda, anazungusha ufunguo. Injini ikiitika, siku imeanza. Ikikataa, atashika sepetu, na kazi ya nusu saa itamla asubuhi nzima.

Nyuzi 18 chini ya sifuri ni baridi ya ndani ya friza ya kuhifadhia samaki. Mfugaji wa Kitulo, kule Makete nchini Tanzania, ambaye mwezi wa Julai huamka akakuta umande umeganda juu ya majani, ameonja mwanzo wake tu. Tena kwa watu wa Minnesota hiyo ni baridi ya kawaida. Tarehe 2 Februari 1996, katika mji mdogo wa Tower, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri, rekodi ya jimbo hilo.

Mashine yenyewe huitwa skidistia, ingawa wengi huiita kwa jina la kampuni maarufu zaidi inayoitengeneza, Bobcat. Afrika Mashariki huonekana kwenye maeneo ya ujenzi, ikizoa kifusi mahali ambapo katapila halipenyi. Haina usukani. Magurudumu mawili ya kila upande yamefungwa pamoja, yanazunguka kwa kasi moja. Upande mmoja ukienda mbele na mwingine ukirudi nyuma, mashine huzunguka pale pale iliposimama, tairi zikiteleza juu ya ardhi. Mikono yake miwili ya chuma hupita kulia na kushoto kwa dereva na kushika baketi mbele. Baketi huondolewa, pakawekwa uma wa samadi, mkuki wa kuchoma marobota au mashine ya kurusha theluji.

Wengi hudhani kifaa hiki kilizaliwa kwenye ujenzi. La, kilizaliwa kwenye kinyesi cha batamzinga. Mwaka 1956, mfugaji mmoja wa Minnesota, Eddie Velo, aliwaendea ndugu wawili wahunzi wa mji wa Rothsay, Cyril na Louis Keller. Mabanda yake yalikuwa na nguzo nyingi ndani, na trekta halikuweza kugeuka katikati yake. Alitaka mashine ndogo ya kupenya baina ya nguzo, tena nyepesi kiasi cha kufanya kazi kwenye ghorofa ya juu ya banda. Ndugu hao walimtengenezea mashine ya magurudumu matatu, wakamkabidhi Februari 1957, katikati ya majira ya theluji. Mwaka 1958 kampuni ya Melroe, ya mji wa Gwinner katika jimbo jirani la North Dakota, iliichukua kazi yao na kuionyesha kwenye maonyesho ya jimbo la Minnesota. Mwaka 1960 ikatoka ya magurudumu manne, na mwaka 1962 ikapewa jina la Bobcat, paka-mwitu wa Amerika ya Kaskazini anayesifika kwa wepesi na ukakamavu. Mwaka 2023 majina ya ndugu hao yaliingizwa katika Jumba la Kitaifa la Heshima la Wavumbuzi nchini Marekani.

Kwa hiyo baridi si jambo geni kwa mashine hii. Hata hivyo chuma hakina damu ya kujipasha joto. Wafugaji wa huko wamejifunza kwamba injini inayowaka alfajiri ni ile iliyoandaliwa jioni, na maandalizi hayo huanzia kwenye tangi la mafuta.

Dizeli ina nta ndani yake. Wakati wa joto nta hiyo imeyeyuka, haionekani, na inasaidia kuwaka. Baridi inapozidi huanza kujitenga. Mtu akitia dizeli ya kawaida kwenye chupa ya kioo na kuiacha nje usiku wa Januari, asubuhi ataikuta ina ukungu mweupe kama maji ya mchele. Baridi ikiongezeka, ukungu huo huwa uji. Uji haupiti kwenye filta. Injini huwaka dakika mbili tatu kwa mafuta yaliyosalia kwenye mipira, kisha huzima, na haitawaka tena hadi ipashwe joto.

Dawa yake ni dizeli ya majira ya baridi. Vituo vya mafuta vya kaskazini huuza dizeli namba mbili, ambayo ni ya kawaida, na dizeli namba moja, nyepesi, inayokaribiana na mafuta ya taa. Namba moja haigandi upesi, lakini ina nguvu kidogo na bei yake iko juu, ndiyo maana wakulima huzichanganya kulingana na ukali wa baridi. Wengine hutia dawa ya kuzuia nta. Hapa pana kosa ambalo limewagharimu wengi: dawa hiyo hutiwa kabla mafuta hayajaganda. Ikitiwa baada ya uji kutanda, haina la kufanya.

Maji nayo ni adui wa kimyakimya. Tangi likiachwa nusu tupu usiku kucha, hewa iliyomo hupoa na kuacha matone kwenye kuta zake. Matone hushuka chini, huingia kwenye filta, yanaganda na kuziba njia. Mfugaji mzoefu hujaza tangi jioni, akamaliza kwa kufungua koki ndogo chini ya filta na kumwaga maji yaliyojikusanya.

Kisha betri. Ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, betri hubaki na takriban nusu ya nguvu yake, ilhali injini, kwa oili iliyokuwa nzito, inadai nguvu nyingi zaidi ili izunguke. Betri iliyojaa chaji huvumilia hata nyuzi 50 chini ya sifuri bila kuganda. Iliyokwisha chaji huganda kwenye nyuzi 7 au 8 tu chini ya sifuri. Fundi akiona ubavu wa betri umevimba, haunganishi nyaya za jampa hata kama kazi inamngoja, maana betri iliyoganda inaweza kulipuka ikisukumiwa umeme. Huitoa, akaiweka mahali pa joto, akaiacha iyeyuke kwanza.

Ule waya unaochomolewa alfajiri una kazi hapa. Huungana na hita iliyo ndani ya bloku ya injini, inayopasha maji ya rejeta. Saa mbili hadi nne zinatosha, kwa hiyo wengi hutumia saa ya kujiwasha ili umeme uanze usiku wa manane badala ya kuteketea toka magharibi. Maji ya rejeta yenyewe huchanganywa nusu kwa nusu na dawa ya kuzuia kuganda, mchanganyiko unaohimili hadi nyuzi 37 chini ya sifuri. Oili ya injini hubadilishwa pia: badala ya 15W-40 iliyotumika kiangazi, huwekwa 5W-40 au 0W-40, ambazo hubaki nyepesi kwenye baridi na kufika haraka kwenye vyuma vinavyosuguana.

Kuna wanaotafuta njia ya mkato kwa kupuliza etha kwenye njia ya hewa ili injini ishtuke. Kwenye injini yenye plagi za kupasha, etha inaweza kuwaka kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni. Watengenezaji wengi huikataza kabisa.

Injini ikishawaka, mwenye pupa huharibu. Magurudumu ya skidistia husukumwa na haidroliki, na mikono yake huinuliwa nayo, na oili ya haidroliki iliyopoa ni nzito kama asali. Pampu huvuta isipate, hugugumia, na mipira iliyokakamaa kwa baridi hupasuka pale presha inapopanda ghafla. Dereva mwangalifu huiacha injini ingurume taratibu kwa dakika 5 hadi 15 kulingana na baridi, kisha huinua mikono polepole, huishusha, hukunja baketi, huikunjua, mpaka mlio wa pampu ulainike. Ndipo huenda kwa ng'ombe.

Uani kuna mitego mingine. Upepo wa tairi hupungua kadiri ya pauni moja kwa kila nyuzi tano au sita zinazoshuka, kwa hiyo tairi iliyokuwa sawa Oktoba imelegea Januari. Rundo la samadi lililoganda ni gumu kama zege, na anayelivamia kwa kasi huvunja meno ya baketi au hujigonga kifua kwenye chuma cha usalama. Hung'olewa pembeni, kidogo kidogo. Kwenye mteremko wenye barafu, upande mzito wa mashine ndio unaotakiwa kuelekea juu. Baketi ikiwa tupu, uzito uko nyuma, kwa hiyo mashine hupanda kinyumenyume. Baketi ikijaa, hupanda mbele, mzigo ukiwa chini karibu na ardhi.

Jioni inaporudi, kazi haijaisha. Samadi inakula chuma, na ikigandia magurudumuni usiku, asubuhi mashine haisogei. Kwa hiyo hukwanguliwa ikiwa bado laini. Viungo vya mikono hutiwa grisi wakati vingali na joto la kazi, mpaka grisi mpya isukume nje ile kuukuu pamoja na maji yake. Kifuniko cha injini hufunguliwa kutazama kama panya wamejenga kiota cha nyasi kavu karibu na ekzosi, maana kiota hicho kinaweza kushika moto, na mabanda mengi yameteketea kwa moto mdogo kama huo. Mwisho kabisa mashine huegeshwa juu ya mbao, tairi zisigandamane na ardhi.

Yote haya ni mambo ya chuma. La mtu ni zito kuliko yote. Baridi hufanya mabanda yafungwe milango, na moshi wa injini ndani ya banda lililofungwa una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akidhani ni usingizi. Nguo nene hunasa kwenye leva. Buti zenye theluji huteleza kwenye pedali. Na dereva anayetetemeka kwa baridi hushawishika kushuka haraka akiwa ameacha mikono hewani, baketi ikining'inia juu ya njia anayopitia. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, imeonya kwa miaka mingi kuhusu vifo vya namna hiyo hiyo: watu waliobanwa kati ya mikono na mwili wa mashine, au kati ya baketi na ardhi.

Kama wewe ni kijana uliyeajiriwa kwenye shamba la kaskazini mwa Marekani, au dereva wa mashine hii kwenye ujenzi wa Dar es Salaam au Nairobi ambako theluji ni habari ya kusimuliwa, utaratibu wa kushuka ni mmoja. Shusha baketi hadi iguse ardhi. Zima injini. Funga breki. Fungua mkanda, inua chuma cha usalama, ndipo utoke, ukiitazama mashine na ukiishika kwa mikono yako miwili. Haichukui hata dakika moja, na ng'ombe wanaweza kuingoja.