Alama ya Tope Ukutani

Sogeeni, wajukuu zangu, muutazame ukuta huu. Hapa chini rangi imebanduka yote. Hapa juu kidogo ya swichi ya taa pana mstari wa tope, umenyooka utadhani fundi kaupiga kwa uzi. Aliyeupiga ni Mto Msimbazi. Aliingia bila hodi, akasimama hapo, akalala, na alipoondoka aliwaachia wenye nyumba alama ya kimo chake.

Kuta za namna hii ziko nyingi bondeni. Nyingine zina mistari miwili au mitatu, mmoja juu ya mwingine, na wenyeji watakuambia kila mstari ni wa mvua ipi. Mmojawapo ni wa Desemba 2011. Dar es Salaam ilikuwa imetoka tu kuadhimisha miaka 50 ya Uhuru wa Tanganyika. Siku chache baadaye mvua ikashuka, na mto ukapanda hadi madirishani. Watu walikaa juu ya mapaa na watoto wao mikononi. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande, mbali kabisa kaskazini mwa jiji, zikaanza upya kwenye mahema.

Ukiuona Msimbazi wakati wa kiangazi huwezi kuamini habari hizi. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unajikokota kupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini kwenye Daraja la Salenda. Miezi mingine ni kijito tu, maji meusi, chupa za plastiki zikielea. Lakini mvua ikinyesha Pugu, maji ya huko hushukia humo. Jua linaweza kuwa linawaka Jangwani na mto unakuja.

Swali lenu nalisikia hata kabla hamjaliuliza: kwa nini basi watu walijenga humo?

Kulijibu itanibidi niwarudishe nyuma kidogo. Mji, wajukuu zangu, huchorwa karatasini kwanza. Mjerumani alipoyahamishia makao yake Dar es Salaam kutoka Bagamoyo mwaka 1891, alianza kuchora. Mwingereza alipokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, naye akachora. Katika karatasi hizo mji uligawanywa mafungu matatu: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, na Uswahilini, ambako ndiko Kariakoo. Jina hilo Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi pale. Kati ya Uhindini na Uswahilini pakaachwa uwanja mtupu ili watu wasikaribiane. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja, pale mnapopita mkienda Kariakoo. Mkisimama katikati yake mmesimama juu ya mstari uliochorwa na watu ambao hawakumuuliza babu ya babu yenu neno hata moja.

Baada ya Uhuru wachoraji walikuwa wetu. Mpango mkuu wa mwaka 1979 ulilihesabu bonde la Msimbazi kuwa eneo hatari, lisilofaa makazi. Ulisema kweli. Ila mpango ulikaa ofisini, na watu waliendelea kuja mjini. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu wa Dar es Salaam wakawa milioni 4.36. Ya mwaka 2022 ikawakuta milioni 5.38. Fikirieni: watu milioni moja zaidi ndani ya miaka kumi, kila mmoja anatafuta pa kulaza ubavu. Viwanja vilivyopimwa havikutosha, na vilivyokuwepo bei yake haikuwa ya mbeba mizigo wala ya mama muuza vitumbua. Bondeni kodi ilikuwa ya kuvumilika, na Kariakoo kwenye riziki ulifika kwa miguu kabla chai haijapoa. Ndiyo maana baadhi ya waliohamishiwa Mabwepande walirudi mjini. Kule walipata kiwanja, lakini kazi ilibaki huku, na nauli ya kwenda na kurudi iliimaliza hela ya siku.

Sipendi mtu anaposema watu wa bondeni ni wakaidi. Maji wanayajua kuliko yeyote. Wamepima njaa na maji wakaona maji huja mara moja kwa mwaka.

Sasa niwapeleke Hananasifu. Ni mtaa wa Kinondoni, ukingoni mwa bonde hilohilo. Mvua zilikuwa zikichimba njia zake na kuingia majumbani, choo na kisima vinachanganyika, watoto wanaugua matumbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi walikaa wakaunda chama chao cha maendeleo, kisha wakazungumza na wataalamu wa Chuo cha Ardhi, halmashauri na wafadhili kutoka nje. Yaliyofuata ndiyo ninayoyapenda. Badala ya kampuni kuja na matingatinga, wakazi wenyewe waliingia mkataba wa kazi. Wanaume kwa wanawake walishika sululu na makoleo, wakachimba mitaro, wakajenga, wakalipwa ujira wao. Mtaro uliojengwa na jirani yako unajua ulivyogharimu jasho. Mtu akitaka kumwaga takataka humo, ataulizwa na aliyeuchimba.

Kuna pia kazi nyingine ya aina hiyo, iliyofanywa na vijana wasiowazidi ninyi miaka mingi. Mwaka 2015 ilianza kazi iitwayo Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Ardhi, walishuka mitaani na simu mkononi, wakaongozana na wenyeji uchochoro hadi uchochoro. Maeneo ambayo kwenye ramani za zamani yalikuwa doa tupu yakaanza kujaa nyumba, mitaro, visima, vyoo, njia za panya. Walirusha pia ndege ndogo zisizo na rubani kupiga picha kutoka juu. Lakini ndege haioni maji ya mwaka jana. Kwa hilo ilibidi wabishe hodi na kuuliza: mafuriko hufika wapi? Magotini? Kiunoni? Nao watu wakawaonyesha kuta zao.

Hapo ndipo nataka mtulie, maana mkutano wa mtaa nao ni mahali pa kuonyesha ukuta wako.

Wengi wenu mnaujua kwa sauti tu: bajaji inapita na spika, inatangaza kwamba Jumamosi saa nne kutakuwa na mkutano, kila mkazi afike bila kukosa. Mnaona viti vya plastiki chini ya mwembe, wazee mbele, kina mama kwenye mikeka, vijana wamesimama nyuma kama wanaopita njia. Anayeongoza ni mwenyekiti wa mtaa, aliyechaguliwa na wakazi kwa miaka mitano. Kando yake ameketi mtendaji wa mtaa, ambaye ameajiriwa, na ndiye mwenye daftari. Mtazameni sana huyo mwenye daftari. Maneno yote yatakayosemwa pale yatapeperuka na upepo isipokuwa yale yatakayoingia kwenye muhtasari. Muhtasari ndio unaopanda ngazi kwenda kwenye kata, aliko diwani, na kutoka kwa diwani kwenda kwenye baraza la madiwani, na barazani ndiko bajeti inakogawanywa. Mtaro wenu unaanza safari kwenye daftari la bei rahisi.

Nilihudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo. Sitautaja mtaa. Ajenda zilikuwa zilezile: kufungua, kusoma muhtasari uliopita, mapato na matumizi, takataka, ulinzi shirikishi. Ya mwisho, kama kawaida, iliandikwa "Mengineyo". Saa ya mengineyo nusu ya watu huwa wameshaondoka kwenda kupika, na mimi nimekuja kuamini kwamba humo ndimo mambo mazito hukaa, kwa sababu ni yale ambayo aliyepanga ajenda hakuyajua.

Siku hiyo alikuwepo mhandisi kijana na mchoro wa mtaro mpya. Aliubandika kwenye shina la mwembe, akaeleza vizuri, kwa heshima. Mtaro ungefuata upande wa juu wa barabara. Watu wakapiga makofi. Ikaja mengineyo. Mama mmoja anayeuza vitumbua akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, shikamoo. Mimi sijasoma huo mchoro, lakini maji hayaji kwa huko."

"Yanakuja wapi, mama?"

"Yanaingia kona ya kisima. Waulizeni hawa watoto, wao ndio huanza kuyaona."

Watoto waliokuwa wakicheza pembeni wakaitwa. Wakanyamaza kwanza, kama mnavyofanya ninyi mbele ya wageni. Kisha msichana wa miaka kama tisa akasema kwamba mvua ikianza wao husimamisha mchezo pale kisimani, kwa sababu mpira huondoka na maji kuelekea kwa huyu mama. Watu wakacheka kwa furaha. Mhandisi hakucheka. Aliinuka, akasema, "Mama, naomba unipeleke." Mkutano mzima ukamfuata.

Mama alifungua mlango wake, akasogeza kabati. Nyuma yake palikuwa na mstari kama huu. Kijana akatoa futikamba, akapima kutoka sakafuni, akaandika. Akapima na nyumba ya jirani, na inayofuata. Msichana yule akawa anashika ncha ya futikamba sakafuni.

Wakati mwingine mambo haya hufanyika kwa ukubwa wake wote. Mwaka 2018, kwa ajili ya bonde zima la Msimbazi, wahandisi, wapangaji miji, viongozi na wakazi walikutana mara kwa mara kwa miezi, ramani zimetandikwa mezani, kila mmoja na kalamu. Katika mikutano hiyo ukazaliwa mpango wa kulifanya bonde la chini kuwa bustani ya mji, mahali pa mto kujitanua bila kumkuta mtu kitandani. Fedha zilipopatikana yakaja mazungumzo magumu ya fidia, maana anayeondoka bondeni anaacha nyumba, na anaacha pia ile njia fupi ya kwenda kwenye riziki, na hiyo ya pili kuithamini kwa shilingi ni kazi ngumu. Mazungumzo hayo yanawahusu sana. Bustani hiyo mtaitembelea ninyi na watoto wenu, na walioipisha wana haki ya kukumbukwa kwa haki.

Nilirudi kwenye mtaa ule mkutano uliofuata. Mchoro ulikuwa mwingine: mtaro umekata barabara na kushuka kona ya kisima. Mtendaji alisimama kusoma muhtasari uliopita, kama utaratibu ulivyo. Alipofika kwenye mengineyo akasoma: mkazi alieleza kuwa maji huingia kupitia kona ya kisima, vipimo vilichukuliwa katika nyumba tatu, na nyumba ya kwanza alama ipo juu ya swichi ya taa.

Mama wa vitumbua akaomba asomewe tena hapo. Mtendaji akarudia.