Kuupiga Picha Mwali wa Mwenge

Mwenye penseli na karatasi aviweke karibu, maana leo kuna hesabu kidogo.

Mwenge wa Uhuru uliwekwa juu ya mlima Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Siku hizi mbio zake hupita mikoani kila mwaka, na za mwaka 2025 zilikwisha Mbeya mjini tarehe 14 Oktoba. Usiku wa mkesha watu wengi huinua simu zao wapige picha. Lakini mtu akifika nyumbani na kuitazama picha yake, mara nyingi haoni mwali. Aona doa jeupe tu juu ya fimbo. Naye Mwenge umekwisha kwenda zake. Atangoja mwaka mzima. Je, kosa liko wapi?

Kamera hupima mwanga wa mahali pote, kisha hufuata wastani. Usiku giza ni jingi na mwali ni mdogo. Basi kamera hudhani kwamba pote pana giza, nayo huacha mwanga mwingi uingie. Giza lapata nafuu, lakini mwali wapata mwanga kupita kiasi, hata rangi zake za manjano na nyekundu zikafutika.

Dawa yake ni hii. Kwanza, zima taa ya kamera. Pili, gusa mwali kwenye kioo cha simu. Katika simu nyingi itatokea alama ya jua; iteremshe taratibu kwa kidole mpaka uone umbo la mwali na rangi zake. Hapo simama.

Ukizidi kuteremsha, uso wa mshika Mwenge utakuwa mweusi. Hapana budi kupata usawa. Ngoja awe karibu na moto, kwa sababu mwanga wa moto mdogo hupungua upesi: mtu akiwa hatua 2 kutoka motoni badala ya hatua 1, mwanga unaomfikia ni robo tu. Au piga picha mapema, jua likiisha kuchwa lakini mbingu haijawa nyeusi. Kwetu huku wakati huo ni mfupi, kama dakika 20 tu, basi uwe tayari.

Sasa twende kwenye hesabu. Picha ya simu imefanywa kwa nukta ndogo sana, ziitwazo pikseli. Picha yenye nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu ina nukta 12,000,000. Ukichapa nukta 300 katika kila inchi, utapata picha ya inchi 13 kwa 10, ifaayo kutundikwa ukutani shuleni. Lakini ukikata nusu ya upana na nusu ya urefu ili kuukuza mwali, zinabaki 3,000,000, yaani robo. Kwa hiyo ni afadhali usogee kwa miguu yako, ikiwa waruhusiwa. Tena, ukiituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa nukta. Ukitaka kuichapa, itume kama hati.

Wengine husema, "Nitanunua simu yenye nukta nyingi zaidi, mambo yatakuwa mazuri." La, sivyo. Nukta ni kama punje za mahindi katika debe: wingi wake hauponyi zile zilizoungua. Mahali palipokuwa peupe kabisa hapana rangi iliyobaki ya kurudisha. Tengeneza mwanga kwanza, ndipo uhesabu nukta.

Kazi ya nyumbani: usiku wa leo washa mshumaa, mketishe mtoto kando yake, upige picha tatu, kila moja ukiteremsha jua kidogo zaidi. Chagua ile ambayo mwali na uso vyote vyaonekana. Mwenge ukija, kidole chako kitakuwa kimekwisha zoea.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.