Tiba ya mionzi: Kwa nini mgonjwa asiikatishe katikati?

Baadhi ya wagonjwa wa saratani wakisikia "utapigwa mionzi" hudhani wataunguzwa, au watawadhuru watoto nyumbani. Si kweli. Mionzi ya mashine ya nje haiumi wakati wa kupigwa wala haibaki mwilini. Mama anaweza kumbeba mwanawe kama kawaida.

Kazi ipo kwenye muda. Saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi huhitaji mionzi hiyo mara 25, siku tano kwa wiki. Ngozi ikiwa nyeusi au tumbo likianza kuharisha, wengine huacha kimyakimya, na saratani hupata nafasi ya kukua tena.

Daktari aeleze hayo mapema, kwa lugha nyepesi. Na mgonjwa asiogope kuuliza: "Nikizidiwa nyumbani, nimpigie nani?"