Vigari vya Mezani: Same Ianze na 1:64

Mfanyabiashara wa Same anayetaka kuweka dukani vigari vidogo vya chuma kwa ajili ya michezo ya mezani asiulize bei kwanza. Aulize skeli, maana ndiyo itakayoamua kama mzigo utatoka au utalala kwenye rafu na mtaji ndani yake.

Skeli ni uwiano tu. Kigari cha 1:64 kimepunguzwa mara 64, hivyo gari dogo la mita 4.5 linabaki na urefu wa sentimeta 7. Kwa 1:43 linafika sentimeta 10 na nusu, na kwa 1:24 karibu 19. Tofauti hiyo haitishi mpaka mchezaji anapochora barabara. Barabara yenye upana wa mita 6 huchukua sentimeta 9 na kitu kwa 1:64, sentimeta 14 kwa 1:43 na 25 kwa 1:24. Sasa chukua meza ya kulia yenye upana wa sentimeta 90, na lori la tangawizi linaloshuka kutoka Mamba Miamba. Kwa 1:24, kona kali moja tu, njia ya kushuka na ile inayorudi, imekwisha kula sentimeta 50. Upareni hakuna barabara ya kona moja. (Milima yenyewe tuiache: Shengena, wenye zaidi ya mita 2,400, ungedai dari la zaidi ya mita 37 hata kwa 1:64. Vitabu chini ya kitambaa vinatosha.)

Faida nyingine ya 1:64 ni ya kibiashara. Ukubwa huu ndio wa Hot Wheels ya Marekani, iliyoanza mwaka 1968, na Matchbox, iliyoanza Uingereza mwaka 1953, inakaribiana nao. Mchezo wa Gaslands, uliochapishwa Uingereza mwaka 2017, ulitungwa kwa vigari hivyo hivyo vya dukani. Kwa hiyo mzigo mmoja una wateja wawili: mchezaji, na mzazi anayemnunulia mtoto zawadi. Mchezaji akichelewa, mzazi atakuja.

Skeli ya 1:43 ina wapenzi wake, hasa wakusanyaji wa magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Lakini hao huweka gari kabatini, hawalisukumi mezani. Aletewe aliyetanguliza fedha.

Tahadhari kwa mwagizaji: viwanda vingi hupunguza kila gari litoshe kwenye pakiti ile ile. Lori la mita 8 kwa 1:64 halisi lina sentimeta 12 na nusu. La pakiti huwa na 7 au 8, yaani dogo kama teksi iliyo kando yake. Mtoto hajali, mchezaji atalirudisha. Nenda na rula kwa muuzaji wa jumla, pima malori na mabasi kabla ya kulipa, na yasiyofika kipimo yatengee fungu la watoto.