Saa ya Japani Inapofika Wote

Gari lililotumika Japani likishushwa bandarini Mombasa, likapanda barabara kuu hadi Emali na kukatia Wote, mara nyingi huja na saa ya huko kwenye dashibodi. Japani iko saa tisa mbele ya Greenwich na Kenya iko saa tatu mbele, kwa hiyo zinapishana kwa saa sita kamili. Saa sita ndiyo tofauti ileile iliyopo kati ya hesabu yetu ya Kiswahili na ile ya Kizungu. Basi asubuhi, abiria waliobanana ndani ya Probox wanapoambiana kwamba imefika saa moja, kioo cha redio ya gari nacho huonyesha 1:00. Hakuna aliyekirekebisha, wala chenyewe hakina habari kwamba kimevuka bahari, na bado kinasema wanachosema watu stejini. Sadfa hii inafurahisha, ila inafichua jambo ambalo sifa za saa zinazojirekebisha hulifunika: kuijua sekunde ni kazi moja, na kuipa saa jina lake ni kazi nyingine kabisa. Mitambo inaimudu kazi ya kwanza. Ya pili ni ya mahali na watu wake, na gari lisilomwachia mwenyewe nafasi ya kuifanya lina kasoro, hata chombo chake kiwe cha bei gani.

Tuanze na hizo saa zinazojirekebisha. Kule Mainflingen, karibu na Frankfurt, Ujerumani ina mnara uitwao DCF77 unaorusha mawimbi marefu ya kilohezi 77.5 tangu 1959. Kila sekunde nguvu ya mawimbi hupunguzwa kwa kitambo kidogo: sehemu moja ya kumi ya sekunde ikimaanisha sifuri, sehemu mbili zikimaanisha moja. Zikikusanywa kwa dakika nzima, alama hizo hutaja dakika, saa, siku, mwezi na mwaka, na sekunde ya mwisho huachwa bila alama ili mpokeaji ajue dakika mpya inaanza. Mnara huo unaongozwa na saa za atomiki. Japani ina minara miwili ya aina hiyo, mmoja katika mlima Otakadoya, Fukushima, ulioanza 1999, na mwingine katika mlima Hagane kusini, ulioanza 2001. Uingereza, Marekani na China nazo zina yao. Baadhi ya magari ya Audi yaliwahi kutoka kiwandani na kipokezi cha mawimbi hayo, na dereva wa Munich hakuwa na haja ya kugusa saa yake hata Ulaya inapoisogeza mbele kila Machi na kuirudisha nyuma kila Oktoba. Faida kubwa ya chombo hicho ilikuwa hapo. Kenya haisogezi saa mwaka mzima. Jua la Kitui huchomoza na kuchwa karibu wakati uleule, likipishana kwa nusu saa hivi katika mwaka mzima. Tatizo ambalo chombo hicho kililitatua kule, huku halipo.

Hata tungekitaka, kisingefanya kazi huku. Mawimbi ya Mainflingen husikika vizuri hadi kilomita 2,000 hivi, nayo Kitui iko zaidi ya 6,000 kutoka huko. Kutoka mlima Hagane ni zaidi ya 10,000. Saa isiyopata mawimbi hurudi kuwa saa ya kawaida inayotegemea kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kwatzi hiyo hurekebishwa iende sawasawa kwenye joto la nyuzi 25, na hupunguza mwendo joto likipanda au likishuka kutoka hapo. Gari lililoegeshwa juani Kibwezi au Mutomo mchana kutwa hupata joto ndani hadi nyuzi 60 kwenye dashibodi, na katika joto hilo kwatzi inaweza kuchelewa kwa zaidi ya sekunde tatu kwa siku nzima. Usiku hupoa, kwa hiyo hasara halisi ni ndogo kuliko hiyo; hata hivyo baada ya miezi kadhaa dakika moja imepotea. Ongeza hapo fundi wa umeme anayechomoa waya wa betri ili atengeneze starta: umeme ukishakatika, saa nyingi huanza upya kwenye 12:00 au 1:00. Kwa hiyo haja ya saa inayojirekebisha ipo huku, ila sababu yake ni joto na betri.

Chanzo kinachotufikia ni setilaiti. Zile za GPS huzunguka kimo cha takriban kilomita 20,200, kila moja ikibeba saa za atomiki, na mbingu ya Kitui na Makueni haina maghorofa ya kuzizuia. Gari lenye ramani ya safari hulijua hilo na huchukua wakati kutoka huko bila kuombwa. Lakini setilaiti haitaji saa ya Kitui. Inataja wakati mmoja wa ulimwengu mzima, na programu ya gari ndiyo inayoongeza saa tatu, au tisa. Redio nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani pekee zimeandikiwa kuongeza tisa tu; hazina mahali pa kuchagua nchi, na maandishi yake ni ya Kijapani. Mwenye gari akifanikiwa kuisogeza saa kwa mkono, setilaiti huirudisha Tokyo. Ajabu ni kwamba chombo hichohicho kinajua kwa mita chache kwamba kiko karibu na soko la Kabati. Kina habari zote za kukiwezesha kusema kweli, ila hakuna aliyekifundisha kuzitumia.

Na si magari ya soko la Japani tu. Januari 2022 saa za magari mengi ya Honda na Acura, hasa Marekani, ziliruka nyuma hadi 2002. Hesabu ya wiki za GPS hutunzwa kwa tarakimu zinazojaa baada ya wiki 1,024, takriban miaka 20, kisha huanza tena kutoka sifuri. Programu isiyoandikwa kwa uangalifu hudhani imerudi zamani. Wengi wa wenye magari hawakuweza kurekebisha lolote, na ilibidi wasubiri hadi Agosti. Magari yalikuwa mazima, setilaiti zilikuwa nzima, lakini kitufe hakikuwapo. Kwangu hilo ndilo kosa zito kuliko hesabu yenyewe, kwa sababu kila hesabu ya mitambo siku moja itakosea.

Historia yetu wenyewe inaonyesha kwamba saa ya mahali huamuliwa na watu. Kwa jua, Kitui ingekuwa saa mbili na dakika thelathini na mbili mbele ya Greenwich. Serikali ya kikoloni iliwahi kutumia saa mbili na nusu, ikaja saa mbili na dakika arobaini na tano, na hatimaye saa tatu kamili. Reli iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 kupitia Mtito Andei, Kibwezi na Makindu nayo ilihitaji miji iliyotawanyika kufuata saa ileile. Hesabu ya Kiswahili, inayoanza na kuchomoza kwa jua, haikufutwa na yote hayo. Hiyo na ya Kizungu ziliendelea kuishi pamoja, moja mdomoni na nyingine kwenye karatasi.

Hapo ndipo hoja ya kwanza ya mpinzani inapoingia: kama saa ya Japani inalingana na Kiswahili, kwa nini isiachwe? Kwa sababu karatasi haisomi Kiswahili. Barua ya hospitali ikisema 8:00, maana yake ni saa mbili asubuhi, na wakati huo kioo cha gari kinaonyesha 2:00. Kitaonyesha 8:00 saa nane mchana, kliniki ikiwa imekwisha. Ratiba ya treni inayosimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei nayo huandikwa kwa hesabu ya Kizungu. Kibaya zaidi ni alama za asubuhi na jioni, ambazo hupinduka: saa moja asubuhi gari linaandika kuwa ni alasiri. Kamera ya dashibodi inayochukua wakati wake kutoka chombo kama hicho itaonyesha ajali ya mchana kuwa ya usiku, na shahidi wa namna hiyo anaweza kumponza asiye na hatia.

Wengine watasema kila mtu ana simu, na simu hupata saa sahihi kutoka mnara wa mtandao. Ni kweli, na kwa abiria inatosha. Dereva, hata hivyo, anakatazwa na sheria kushika simu akiendesha, na upande wa kusini wa Kitui, kuelekea Tsavo, zipo sehemu zisizo na mtandao. Wapo pia wasemao kwamba vijijini dakika hazina uzito. Machi 2020 kafyu ya Korona ilipotangazwa kuanzia saa moja jioni, kila dereva aliyekuwa akitoka Machakos kwenda Kitui alijua uzito wa dakika kumi. Kwa hizo sekunde chache za kwatzi sina ugomvi na mtu. Ninachokipigania ni zile saa sita.

Anayenunua gari kwenye yadi, basi, asiishie kwenye injini na tairi. Amwombe mwuzaji abadilishe saa mbele yake, azime gari, aliwashe tena nje mbingu ikiwa wazi, kisha wasubiri dakika kumi. Namba zikiendelea kutoka pale alipoziweka, saa hiyo inatii. Zikirudi Tokyo, aulize gharama ya kubadilisha redio nzima, na aitoe kwenye bei kabla ya kutia sahihi.